Kilo Sita Zilizozidi

Vijana wa yadi, siku mliyoniaga kwa keki na maneno matamu, mmoja wenu alimnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyonifikia mpaka kitini: "Lakini Mzee Barasa kazi hii aliiweza vipi na tumbo lile?" Jina lake ninalo ila simtaji, maana swali lake ni zuri. Sasa nimestaafu, niko nyumbani Bukoto, kazi yangu kubwa ni kumtazama mke wangu akichambua mchele. Basi nitalijibu. Ya vyeo na mshahara sitayagusa, hayo kila mtu huyaeleza kwa kudanganya. Nitaeleza ya mwili.

Nilifika Kampala kutoka Bungoma nikiwa na miaka ishirini na sita, leseni ya malori makubwa mfukoni, na kilo hamsini na nne, viatu vikiwemo. Nilikuwa nimesikia yadi fulani upande wa viwandani inatafuta madereva wa kwenda Mombasa. Mkubwa wa madereva aliitwa Odong, mtu wa kaskazini, aliyewahi kuendesha malori ya jeshi. Sote tulimwita Afande. Alinitazama, kisha akachungulia nyuma yangu kama mtu anayetafuta kitu.

"Wewe ndiyo dereva, ama dereva nakuja?"

"Ni mimi, Afande."

"Kenya hakuna chakula? Upepo ya Malaba itabeba wewe na leseni yako."

Wakati ule mtihani wa nguvu haukuandikwa popote, ulikuwa kichwani mwa Afande. Ulegeze nati kumi za gurudumu, usimamishe tairi la akiba na kuliviringisha hadi mahali pake, kisha upande juu ya trela lililojaa mzigo, ukunjue turubai na ufunge kamba pande zote. Aliyekuwa mbele yangu, jamaa mwenye shingo ya fahali, alimaliza nati zote huku akipiga mluzi.

Mimi sikuweza hata moja. Nilivuta spana mpaka macho yakatoka. Mwishowe nikaona kipande cha bomba la chuma kando ya ukuta, nikakichomeka kwenye mkono wa spana ili uwe mrefu, nikaweka mguu juu yake. Bomba halikutikisika. Nikapanda kwa miguu yote miwili. Kimya. Nikaanza kurukaruka juu ya bomba lile mbele ya madereva ishirini, nikihesabu kwa sauti. Niliporuka mara ya saba nati ikaachia, nami nikaanguka chali kwenye dimbwi la oili. Afande alicheka mpaka akaketi chini. Nikainuka, nikafuta mgongo, nikahamisha bomba kwenye nati ya pili.

Ilinichukua muda ambao mwenye shingo ya fahali angefika Jinja. Lakini kazi nilipata mimi. Yeye hakupata, kwa sababu tairi alilinyanyua kwa mikono mitupu na Afande akamwambia arudi kwao kabla mgongo haujakatika.

"Hii mtu hana nguvu," Afande aliwaambia wenzake akininyooshea kidole, "lakini hana aibu. Aibu ndiyo navunja dereva mugongo."

Miaka miwili ya kwanza alinifundisha mwenyewe. Usukani wa magari yetu ulikuwa mzito. Kukata kona ndani ya yadi ilikuwa sawa na kumgeuza ng'ombe asiyetaka kugeuka, na klachi ilitaka goti la mguu wa kushoto lisilo na maswali. Mwenzenu jioni nilikuwa nashuka nikichechemea upande mmoja tu. Afande alinifundisha kusogeza kiti hadi mapaja yafanye kazi, si mabega. Alinifundisha kushuka kwenye kabini kama mtoto anavyoshuka kitandani, uso ukitazama gari, mikono miwili na mguu mmoja vimeshika daima. Nyinyi mnaruka chini kama paka. Paka ana miguu minne, tena halipi mwenyewe akienda kutibiwa goti.

Tairi nalo lina adabu zake. "Tairi hapana beba," alikuwa akisema. "Tairi bembeleza." Unalisimamisha kwa paja, unalitembeza kidogo kidogo likiwa linataka lenyewe kwenda, na likitaka kuanguka unaliacha lianguke. Nimeona wanaume wakizuia tairi linaloanguka ili wasichekwe. Mmoja wao leo anauza vocha kwa mkono mmoja. Turubai lililonyeshewa ndilo baya zaidi, maana linakunywa maji likawa zito maradufu. Usilivute, likunje nusu kwa nusu na uliache lichuruzike kwanza. Mvua ikiwahi, subiri, hata tajiri apige simu mara kumi.

Hayo ndiyo niliyodhani ni nguvu za dereva. Kumbe nguvu kubwa kuliko zote ni ya kukaa. Kukaa siku tatu kitini, mpakani foleni haisogei, kibofu kimejaa na huwezi kushuka kwa sababu ukishuka tu foleni itasogea. Mwili unaotakiwa kuinua turubai asubuhi unakaa kama gunia mchana kutwa, na wakati umekaa unakula. Mimi nilikula. Asubuhi roleksi, ile chapati ya kuviringishia mayai, mayai yenyewe matatu, chapati na maharage mchana, nyama ya kuchoma ya kando ya barabara kila gari liliposimama na wachuuzi wakaning'iniza mishikaki dirishani. Soda ya kuondoa usingizi, na soda ya pili ya kuisindikiza ya kwanza. Mwanangu Brenda alipokuwa mdogo alikuwa akinizungushia mikono kiunoni na vidole vikakutana. Alipofika sekondari vidole havikukutana tena, na mikono yake ilikuwa imerefuka.

Ikafika siku, sasa ni miaka mitano iliyopita, kampuni ikaleta utaratibu mpya. Kila dereva aliyepita miaka hamsini angepimwa na muuguzi uzito na shinikizo la damu, kisha asubuhi hiyohiyo afanye mtihani wa nguvu: zile nati, lile tairi, lile turubai. Uzito usizidi kilo mia na kumi. Atakayeshindwa anatolewa garini miezi mitatu, anawekwa getini. Akishindwa mara ya pili, kwaheri ya kuonana. Msimamizi wa mtihani wa nguvu alikuwa Afande, ambaye miaka mingi kabla alikuwa amepandishwa cheo akapewa ofisi na kiti cha kuzunguka.

Mimi nilikuwa na kilo mia na kumi na sita. Siku tisa zilibaki.

Sitaki mcheke kabla hamjaelewa. Kitu nilichokuwa nacho duniani, ukitoa mke na mtoto, ni ule usukani. Hapa Kampala mtu akiniuliza mimi ni nani, sikuwa Mbukusu, sikuwa Mganda, sikuwa wa kuja wala wa hapa. Nilikuwa dereva wa trela. Nikiwa juu ya kile kiti nilijua nilipo. Kukaa getini nikiwafungulia wengine niliona ni kuzikwa huku napumua, na niliogopa kweli.

Wazo lilikuwa langu, wala nisimsingizie mtu. Tulikuwa watatu tuliozidi uzito, tumekaa chini ya trela tukila, nikasema: "Jamani, sisi ni watu wa mizani. Gari likizidi mzigo tunafanya nini?" Kila dereva mzee anajua tulichokuwa tukifanya ujanani, kabla mizani hazijapata akili. Unamwaga mafuta kwenye mitungi, unamwaga maji, unasogeza mzigo kutoka ekseli moja hadi nyingine, unapita polepole ukiwa mwepesi, na mbele ya safari unajaza tena. Tukakubaliana kuwa mwili nao ni gari. Tangi la maji likaushwe, buti litolewe kila kitu, mizani ipitwe, kisha tujaze.

Kwa hiyo tulifunga. Siku saba za kwanza tulikula mlo mmoja, mbili za mwisho hatukula kabisa, na kuanzia asubuhi ya siku iliyotangulia mtihani hata maji hatukuonja. Kila saa kumi na mbili asubuhi tulikutana Kabalagala, kwa sababu mmoja wetu anakaa kule na kuna mteremko, tukakimbia tukiwa tumevaa makoti ya mvua juu ya masweta ili jasho litoke. Mnajua Kabalagala saa hizo. Walevi wa jana bado hawajarudi makwao. Walikaa kwenye viti vya nje ya baa wakitupigia makofi.

"Ssebo, bwana!" alipaza sauti mmoja mwenye chupa mkononi. "Mvua iko wapi?"

Mwingine akamjibu kwamba tunakimbia wake zetu, wakagongeana chupa. Mimi nilizidi kukimbia.

Nyumbani nako mambo yaliharibika kwa njia yake. Mke wangu Rose alipoona narudisha sahani, aliniketisha.

"Baba Brenda, umefunga?"

Sikutaka kusema uongo. "Nimefunga," nikasema.

Machozi yakamtoka mama wa watu. Miaka ishirini na tano alikuwa akiomba niokoke. Jioni yake akina mama wa kanisani wakajaa sebuleni, kumi na mmoja, wakaniwekea mikono kichwani wakanishukuru kwa kusikia wito. Waliimba na kuomba saa nzima. Wakapika chai na mandazi ya wageni, nami nikakaa katikati ya harufu ile ya iliki mikono nimefumbata, mtakatifu kabisa, nikiapa moyoni kwamba mtu akisahau andazi moja nitalimeza na kikaratasi chake.

Siku ya mtihani nilitembea hadi kwenye mizani nikiwa na ulimi mkavu kama kandambili. Muuguzi alikuwa Sista Nakato, mdogo kwa umbo, miwani puani, mwenye kusema neno lake mara moja.

"Habali yako, ssebo. Vua viatu. Panda."

Nilipanda, na kisigino changu cha kulia nikakiacha nje kidogo, kimegusa ukuta. Si kwa nia mbaya, ni mazoea tu ya mtu aliyezoea kuinua ekseli ya nyuma. Sista Nakato alikitazama kisigino. Aliinama, akaivuta mizani hadi katikati ya chumba nikiwa bado juu yake, nusura nianguke.

"Sasa," akasema. "Miguu zote mbili. Hii si lori."

Mia na tisa na nusu. Nilitaka kumbusu. Shinikizo la damu alilipima mara mbili, akanitazama machoni, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa. Hiyo ni dhambi ya pili katika wiki ile, na ile ya kwanza ilikuwa na kwaya.

Mpango wetu ulikuwa na tundu moja, na mwenye akili yoyote angeliona tangu mwanzo. Gari ukilimwaga mafuta, ukishaipita mizani unajaza. Sisi baada ya mizani tulikuwa na nati kumi, na Afande amesimama kando na kibao chake cha karatasi. Wenzangu wawili waliishia kwenye tairi, mmoja akalikumbatia akakaa nalo chini kama mtu aliyekutana na ndugu yake. Mimi nati nilizimaliza, tairi nikalibembeleza hadi mwisho. Nikapanda ngazi ya trela. Turubai nikalikunjua. Kamba nne nikafunga. Zilipobaki mbili, yadi yote ikaanza kuzunguka taratibu, nikajikuta nimekaa juu ya mzigo.

"Barasa," Afande aliita kutoka chini. "Shuka."

"Bado kamba mbili, Afande."

"Shuka, mimi nasema."

Sikushuka. Kwanza, kushuka bila kufunga kamba ni kushindwa. Pili, ngazi zilikuwa zimekuwa mbili na sikujua ya kweli ni ipi. Nikawa nimekaa, nimeshika turubai kwa mikono yote miwili, wanaume sitini wakinitazama na simu zao hewani. Ile video mmeiona nyote, msijifanye.

Kisha nikasikia ngazi inalia. Afande alikuwa anapanda. Alikuwa na miaka sitini na minne, sikuwa nimemwona akipanda trela tangu alipohamia ofisini. Alipanda kipandio kimoja, akasimama, akapumua, akapanda kingine, kibao amekibana kwapani. Alipofika juu alitambaa kwa mikono na magoti hadi akakaa kando yangu. Tulihema pamoja kwa muda.

"Tangu lini hakunywa maji?" akauliza.

"Jana asubuhi."

"Wewe mujinga."

"Ndiyo, Afande."

"Haya. Sisi nashuka."

"Tangulia, Afande."

Aliitazama ngazi. Akaendelea kuitazama. Hakusogea.

"Mimi hawezi," akasema kwa sauti ya chini. "Kupanda naweza. Kushuka, magoti inakataa. Ilikataa zamani."

Nikamgeukia. Akawa anayatazama mabati ya karakana ng'ambo.

"Ile ofisi, nyinyi nasema Afande amepanda cheo. Hakuna cheo. Siku moja nilibaki juu ya trela Eldoret, masaa mawili, mpaka watu wakaleta kamba wakanitelemsha. Nikakuja kwa mukubwa nikasema, mimi hapana weza tena. Akanipa kiti. Nyinyi mukapiga makofi. Mimi nikanyamaza."

Nilikumbuka makofi hayo, maana nami nilipiga, tena kwa kijicho. Niliona uchungu mkubwa kwa ajili yake, na kwa ajili yangu, wazee wawili waliopanda mahali kwa ajili ya heshima na sasa hawana njia ya kurudi chini. Nikaanza kucheka. Naye akacheka. Mizigo chini yetu ikatikisika.

Alipomaliza kucheka, alitoa fomu yenye jina langu akanipa pamoja na kalamu.

"Andika wewe."

"Msimamizi ni wewe, Afande."

"Mimi nikiandika umefaulu, kesho wewe nakwenda Mombasa, naanguka kwa usukani, unaua watu. Mimi nikiandika umeshindwa, wewe hapana salimia mimi mpaka kaburi. Mimi nakujua. Andika wewe."

Mwili mzima ulikuwa unataka lile neno lingine, na yeye angelitia sahihi, nilijua. Nilimfikiria Rose na wale akina mama wakinishukuru kwa jambo ambalo sikulifanya. Nilifikiria mteremko wa Mabira na gari la tani thelathini nyuma ya mtu anayeona ngazi mbili. Nikaandika: Ameshindwa. Herufi zilipinda, lakini linasomeka.

Afande akaichukua, akatia sahihi. Kisha akachomoa fomu nyingine tupu, akaandika jina lake mwenyewe juu, na chini yake neno lilelile.

"Nyinyi wazee!" Sista Nakato akapaza sauti kutoka chini. "Huko kuna mukutano? Mutelemke, maji iko hapa!"

Tuliteremshwa na foklifti, tumekaa kwenye ubao wa mizigo, miguu inaning'inia, tumeshikana mikono kama bibi na bwana harusi. Sista Nakato alinipa kikombe cha maji yenye chumvi na sukari akakisimamia mpaka tone la mwisho. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda vibaya, akasema lingeniangusha muda wowote, kwa mizani au bila mizani. Kuanzia siku ile nameza kidonge kila asubuhi, na nyinyi mliopita arobaini mkapimwe, msisubiri wa kuwavutia mizani katikati ya chumba.

Mwisho wa mwezi ule Afande aliacha kazi mwenyewe, bila keki. Mimi nikaenda getini. Nilimwambia Rose ukweli wote. Hakunisemesha siku mbili, kisha akachukua usukani wa sufuria: mboga, samaki, ugali wa kiasi cha ngumi yake, ambayo ni ndogo. Kila Jumamosi nilitembea kutoka Bukoto hadi juu Old Kampala, na kurudi. Maji nilikunywa. Mchana nilikaa kwenye kiti cha mlinzi nikilifungulia geti lori langu, likiendeshwa na mwingine, ambaye aligusa honi kunisalimu kwa heshima. Hiyo honi iliniuma kuliko njaa. Baada ya wiki kadhaa nikaizoea, nikawa namwambia klachi anaiumiza.

Miezi mitatu ikatimia. Mizani ikasema mia na tatu, visigino vyote vikiwa juu yake, na Sista Nakato akaandika nimepita. Msimamizi alikuwa mpya, kijana mwenye saa ya kuhesabia sekunde. Nilikuwa nafunga viatu nilipoona bodaboda ikiingia getini, na Afande nyuma yake, fimbo mkononi, shati limepigwa pasi. Alimwomba mtu kiti, akakiweka mita chache kutoka kwenye trela, akakaa, fimbo katikati ya magoti.

"Barasa," akasema, "leo kama unashindwa, mimi hapana panda tena. Sikia? Hapana panda."

"Nimesikia, Afande."

Nati zilikwenda. Tairi likaenda, lilitaka kuanguka mara moja nikaliacha lianguke, nikaanza upya. Nikapanda. Turubai, kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jua lilikuwa kali na moyo ulinienda mbio, nikapumzika kidogo nikiwa nimepiga magoti, nimeinamisha kichwa, kama Afande alivyonifundisha. Nikafunga ya nne, ya tano, nikavuta ya sita mpaka ikakaza, nikageuka kutafuta ngazi.

Kiti cha Afande kilikuwa kitupu. Fimbo ilikuwa imelala chini. Yeye alikuwa amesimama pale ngazini, ameishika kwa mikono yote miwili, na mguu mmoja alikuwa ameshaweka kwenye kipandio cha kwanza.